Kidonge kinapokataa kushuka: dawa za sonona kwa asiyeweza kumeza

Mwezi huu nimeomba ukurasa kwa jambo ambalo watu wanalisema kwa sauti ya chini. Kambini tunao ndugu wanaotibiwa sonona, ugonjwa ule ambao wengi tunauita mawazo mengi. Kati yao wako waliopewa dawa, wanaiamini, wanaitaka, lakini haipiti. Wanaweka kidonge mdomoni (au kinini, kama tunavyosema sisi tuliotoka Kivu na Burundi), wanakunywa maji, maji yanashuka, kinini kinabaki juu ya ulimi. Mwisho wanakitema. Halafu nyumbani wanaambiwa ni wakaidi.

Mie ni mwalimu wa kujitolea, siyo daktari. Ninachoandika hapa hakichukui nafasi ya mtu wa kituo cha afya. Nataka tu familia ijue kwamba kushindwa kumeza siyo kukataa dawa, na kwamba ziko njia, ila njia hizo haziwezi kufunguka kama hakuna aliyesema.

Mtu atauliza, mwalimu na dawa wapi na wapi? Dawa hizi zinafika mpaka darasani, ndiyo sababu. Tulikuwa na mtoto wa mwaka wa tano aliyekuwa anachelewa karibu kila siku. Asubuhi moja nikamwita pembeni.

– Shikamoo mwalimu.

– Marahaba. Leo tena?

– Nilikuwa namngoja mama ameze dawa.

– Na amemeza?

– Anasema amemeza. Lakini nikikunja mkeka navikuta chini.

Mtoto mdogo namna ile amefanywa mlinzi wa mama yake. Baba alikuwa anasema mke hataki kupona. Shangazi akasema amefungwa koo na watu. Mama mwenyewe alikuwa kimya kwa aibu, kwa sababu ni aibu gani kubwa kuliko mtu mzima kushindwa na kitu kidogo kama punje ya mahindi? Miezi 2 ilipita hivyo. Siku aliyopata ujasiri akamwambia nesi, "Hakipiti," mazungumzo yalichukua dakika chache na njia ikabadilishwa.

Sasa tuangalie hatari iliyokuwapo katika ile miezi 2, kwa sababu watu hawaioni. Dawa za sonona hazifanyi kazi kama dawa ya kichwa, umeze saa hii na saa ijayo uko sawa. Zinahitaji kuingia mwilini kila siku, na nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 4 mpaka 6. Ukimeza leo ukatema kesho, siku ya kurudi kituoni utakuwa hujapona. Nesi anaangalia kadi, anaona dawa ulipewa, anaamini ulimeza. Anaamua dozi ni ndogo, anaongeza. Halafu siku koo limekubali unameza dozi kubwa ambayo mwili haujaizoea kabisa. Kutema kwa siri kunampa mganga habari ya uongo, na yeye anaandika dawa kwa kufuata habari hiyo.

Koo linafungwa na nini?

Sababu siyo moja. Sonona yenyewe na hofu vinaweza kukaza koo. Mtu anahisi fundo hapa katikati, kama kitu kimekwama, na ukiangalia hakuna kitu. Mara nyingi fundo la namna hii linakuja na kuondoka, na chakula kinapita vizuri kuliko mate matupu. Wengine waliwahi kupaliwa na kidonge utotoni na mwili haujasahau. Na wako ambao koo linakumbuka mambo waliyofanyiwa njiani wakati wa kukimbia, mambo ambayo hatutayaandika kwenye gazeti linalosomwa na watoto. Huyo ukimlazimisha kwa kumshika kidevu unamrudisha kulekule alikotoroka. Tafadhali wazee wangu, tusifanye hivyo.

Kinywa kikavu nacho ni sababu kubwa, na hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo: moja ya dawa za sonona zenyewe, amitriptilini, inakausha mate. Mtu alianza vizuri, wiki ya pili kidonge kinaganda kwenye ulimi. Anadhani ugonjwa umezidi. Kumbe ni dawa, na nesi anaweza kupunguza, kubadilisha saa, au kubadilisha dawa.

Lakini kuna sababu za mwili ambazo hazitaki kungojea hata kidogo. Kiharusi kinaweza kuharibu misuli ya kumeza. Rovu kubwa shingoni linaweza kubana. Utando mweupe wa fangasi ndani ya kinywa na koo unauma mtu akimeza, hasa kwa mwenye kinga dhaifu. Na eneo letu hili la Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia mpaka Malawi, linajulikana kwa kuwa na saratani ya umio nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Kwa hiyo kama siyo vidonge peke yake vinavyokwama, kama na ugali unakwama, halafu baadaye hata uji. Kama mtu anakohoa kila akinywa maji. Kama mate yanamtoka, anakonda, anatapika damu au sauti imebadilika, huyo asikae nyumbani kutafuta mbinu za kumeza. Aende kituoni wiki hiihii, na aseme kwamba ni chakula pia. Aliyeshindwa kumeza ghafla, au mdomo umepinda na mkono umelegea, aende saa hiyohiyo.

Dawa gani tunazungumzia

Kwanza tukubaliane kwamba si kila huzuni inataka dawa. Aliyefiwa juzi akilia, analia kwa haki yake. Sonona ni pale huzuni, au kukosa hamu ya kila kitu, kunapokaa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, mpaka mtu anashindwa kupika, kulima, kulea, kusoma.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani na UNHCR walitoa mwongozo wa magonjwa ya akili kwa ajili ya mahali penye vita, maafa na wakimbizi. Dawa za sonona zinazotajwa humo ni mbili, amitriptilini na fluoksetini. Ndizo ambazo mtu wa kambini ana nafasi kubwa ya kukutana nazo. Amitriptilini ni ya zamani, ilikuwamo katika orodha ya kwanza kabisa ya dawa muhimu za dunia mwaka 1977. Kwa kawaida huja kama kidonge kidogo cha miligramu 25 chenye ganda la rangi, na humezwa usiku kwa sababu kinaleta usingizi. Fluoksetini iliingia katika orodha hiyo mwaka 2007. Mara nyingi ni kapsuli ya miligramu 20, na humezwa asubuhi kwa sababu inaweza kuondoa usingizi. Kwenye paketi majina haya huandikwa Amitriptyline na Fluoxetine. Soma au mwombe mwanafunzi akusomee, maana kujua jina la dawa yako ni nusu ya kazi.

Kidonge kigumu na kapsuli ni vitu viwili tofauti, na havimezwi kwa namna moja. Hili nililisoma nikashangaa kwa nini hatukuambiwa tangu zamani. Mwaka 2014 watafiti wa chuo kikuu cha Heidelberg huko Ujerumani walichapisha majaribio waliyofanya na watu wazima 151. Walipima mbinu mbili, na zote mbili hazihitaji kitu kingine zaidi ya maji.

Ya kwanza ni ya kidonge kigumu. Chukua chupa laini ya plastiki ya maji, ile inayobonyea, uijaze maji safi. Weka kidonge juu ya ulimi. Funika mdomo wa chupa kwa midomo yako vizuri, hewa isiingie. Inamisha kichwa nyuma kidogo, nyonya maji kwa nguvu kama unanyonya muwa, na umeze palepale huku chupa inabonyea. Ule unyonyaji unapeleka maji na kidonge pamoja. Katika majaribio yale karibu watu 60 kati ya 100 walisema hivi ni rahisi kuliko kwa kikombe.

Ya pili ni ya kapsuli, na ni kinyume. Kapsuli ni nyepesi, inaelea juu ya maji. Sisi wote tumezoea kutupa kichwa nyuma, na ukitupa kichwa nyuma kapsuli inaelea kuja mbele kwenye meno wakati maji yanakwenda nyuma. Kwa hiyo weka kapsuli kwenye ulimi, chukua funda la maji usimeze bado, inamisha kichwa mbele, kidevu kiende kifuani, ndipo umeze. Inaelea kuelekea kooni yenyewe. Hapa karibu watu 89 kati ya 100 waliona nafuu. Mie nimewajaribisha rafiki zangu walimu kwa kapsuli za dawa ya kikohozi alizoandikiwa mmoja wao. Tulicheka sana, lakini ilipita.

Kabla ya yote hayo, kaa wima. Kunywa funda moja la maji kwanza kulainisha kinywa, na baada ya kumeza maliza kikombe kizima. Usilale hapohapo, kaa kama nusu saa, maana kidonge kikiganda kwenye umio kinaweza kuchoma. Hili liangaliwe hasa kwa amitriptilini ya usiku. Wengi wanaimeza tayari wamejifunika blanketi.

Mbinu hizi ni kwa mtu ambaye maji na chakula vinapita vizuri. Aliyepata kiharusi au anayepaliwa na maji asizijaribu.

Kama bado haipiti

Hapa ndipo familia nyingi zinachukua jiwe. Kidonge kinasagwa, kinatiwa kwenye uji, mambo yanakwisha. Sikatai kwamba wakati mwingine kusaga kunaruhusiwa, ila anayeruhusu ni yule anayejua dawa ile imetengenezwaje.

Fluoksetini ya kawaida, kapsuli yake inaweza kufunguliwa na unga wake kukorogwa katika maji, na wafamasia wengi wanakubali hivyo mgonjwa akishindwa. Maji yawe karibu nusu kikombe kikubwa, anywe yote mara moja, halafu suuza kikombe kwa maji kidogo uyanywe nayo, kwa sababu dawa inabaki pembeni. Ladha yake mbaya. Amitriptilini ya kawaida nayo inaweza kusagwa kwa ruhusa, lakini ni chungu sana na inatia ganzi ulimini. Ganzi hiyo siyo mchezo. Ukinywa uji wa moto palepale utaungua bila kujua, na ukila haraka unaweza kupaliwa. Ngoja ganzi iishe. Sertralini ukiisaga ni hivyohivyo, uchungu na ganzi.

Kama umeruhusiwa kuchanganya na chakula, tumia kijiko kimoja au viwili tu vya uji uliopoa au ndizi mbivu iliyopondwa, siyo bakuli zima. Bakuli zima likibaki nusu, dawa nayo imebaki nusu, na mtoto mdogo ndiye anayemalizia masalio. Usage wakati wa kunywa, usisage ya wiki nzima.

Na mgonjwa aambiwe. Nimesikia nyumba ambako dawa inafichwa kwenye mchuzi wa mtu mzima mwenye akili zake. Siku anagundua, anaacha dawa na chakula pia. Sonona tayari inamwambia mtu kwamba hana thamani, tusiisaidie.

Zipo ambazo hazisagwi kamwe. Hizo zimetengenezwa kutoa dawa polepole kwa siku nzima. Ukizisaga, dozi ya siku nzima inaingia kwa mara moja. Angalia herufi baada ya jina: SR, XR, ER, CR, au neno Retard. Kwenye paketi za Kifaransa, ambazo wengi wetu tumezoea, utaona LP. Ukiona mojawapo, weka jiwe chini. Venlafaksini mara nyingi ni ya namna hiyo. Kapsuli yake ina chembe ndogondogo, na hata pale daktari anaporuhusu ifunguliwe juu ya chakula laini, chembe zinamezwa nzima bila kutafunwa. Duloksetini nayo chembe zake zina ganda la kuzikinga na asidi ya tumbo, usizivunje.

Dawa za maji, za matone na za kuyeyuka

Watu wanauliza, kwani hakuna ya maji kama ya watoto? Zipo duniani. Kufika kambini ni jambo jingine, na siwezi kukuahidi kwamba ukienda kesho utapewa. Lakini usipouliza, dirisha la dawa halitajua kama kuna mtu anaihitaji, na kisichoulizwa hakiagizwi.

Fluoksetini ya maji ipo, yenye miligramu 20 katika mililita 5, yaani kipimo kimoja cha mililita 5 ni sawa na kapsuli moja. Kipimo ni kile kikombe kidogo au bomba la plastiki linalokuja na chupa. Kijiko cha nyumbani hakifai. Tulipima vijiko vya chai vya nyumba tatu tukapata vipimo vitatu.

Amitriptilini ya maji ipo pia. Na wazee waliotibiwa zamani kwenye hospitali za Kongo au Burundi huenda wanakumbuka ya matone ya Kifaransa, Laroxyl, ambayo tone moja ni miligramu 1. Sasa hapa pana mtego. Sitalopramu ya matone haihesabiwi hivyo. Tone lake moja ni miligramu 2, na tena matone 8, yaani miligramu 16, yanafanya kazi sawa na kidonge cha miligramu 20. Kwa hiyo mtu asikwambie "matone ni matone". Kila chupa na hesabu yake, na kitoneshi cha chupa moja hakihamishwi kwenye nyingine.

Sertralini nayo ina ya maji mazito ambayo hainywewi ilivyo. Inapimwa kwa kitoneshi chake, inachanganywa na maji au kinywaji kilichoandikwa kwenye karatasi yake, kwa mfano juisi ya machungwa, na inanywewa palepale. Ina pombe ndani, asilimia 12, kwa hiyo mwenye kukataa pombe kwa sababu ya ini, dini au dawa nyingine amwambie daktari kabla.

Inayonifurahisha mie ni mirtazapini ya kuyeyuka. Unaiweka juu ya ulimi kwa mkono mkavu, inayeyuka yenyewe, unameza mate tu. Inaleta usingizi na hamu ya kula, na kwa mtu wa sonona aliyekonda na asiyelala hiyo siyo hasara. Ganda lake linabanduliwa taratibu, usiisukume kwa kidole, inavunjika. Hii utaisikia zaidi kwenye maduka makubwa ya dawa mijini, na kwa ndugu zetu waliokwisha kuhamia Marekani, Kanada au Australia. Kama una dada au mjomba huko anayelalamika kwenye simu kwamba vidonge vinamshinda, mwambie aulize hiyo. Aulize tu, asikutumie wewe kwenye mfuko wa nguo.

Huko Marekani kuna hata plasta ya kubandika kwenye ngozi, seleglini, iliyokubaliwa mwaka 2006, na dawa ya kupuliza puani, esketamini, iliyokubaliwa mwaka 2019, ambayo mtu hapewi kwenda nayo nyumbani, anaipulizia palepale kliniki na kuangaliwa. Kwetu hizo ni hadithi za mbali. Nazitaja ili asije mtu akauza kambini plasta yoyote kwa jina hilo.

Na sindano? Ah, sindano. Tunapenda sindano sisi, tunaona ndiyo dawa kweli. Wengi wameona jirani anachomwa sindano ya kila mwezi kwa ugonjwa wa akili, wanaitaka na wao. Ile ni ya ugonjwa mwingine, kwa mtu anayesikia sauti zisizokuwapo au kuona mambo ambayo wengine hawaoni. Sindano ile siyo tiba ya sonona ya kawaida. Nesi akikukatalia hakunyimi.

Wapo wasiohitaji kumeza chochote

Jambo hili naliandika kwa herufi za moyo. Kwa sonona isiyokuwa kali sana, mazungumzo ya kitaalamu ni matibabu kamili, siyo kitu cha kupotezea muda mpaka dawa ifike. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, kusini mwa Uganda. Watu wenye sonona walikutana kwa vikundi, wanawake kwao na wanaume kwao, mara moja kwa wiki, dakika 90, wiki 16. Viongozi wa vikundi walikuwa watu wa hapohapo waliofundishwa wiki 2. Hawakuwa madaktari. Mwanzoni watu 86 kati ya 100 walikuwa na sonona kubwa. Mwishoni walibaki kama 6 au 7. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi walitoka 94 wakabaki kama 55. Hakuna aliyemeza kinini katika hesabu hiyo. Kwa hiyo kama koo limekataa kabisa, sema: "Je, naweza kuanza na mazungumzo?" Ni swali halali.

Aliye na hali kali, asiyekula, asiyeamka, anayesema afadhali afe, huyo asiachiwe aseme atangoja kikundi. Apelekwe leo, na asikae peke yake.

Nyumbani kwetu hakuna kabati

Tunaishi nyumba moja na watoto 6, hakuna mlango wa ndani. Amitriptilini ikimezwa nyingi inaharibu mapigo ya moyo na inaweza kuua, na kwa mtoto mdogo hata vidonge vichache. Rangi zake zinafanana na peremende. Tia kwenye kopo lenye mfuniko mgumu, lining'inie juu kwenye boriti. Dawa ya maji ni hatari zaidi kwa sababu ni tamu, na isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda. Kama mgonjwa ana mawazo ya kujidhuru, mtu mzima mwingine atunze dawa, na muombe kituo kitoe ya wiki moja moja. Ni mwendo mrefu, najua, lakini ni bora. Mtoto asiwe mtunzaji wala mpimaji wa matone. Mwacheni aje shule.

Dada wawili wasigawane dozi moja kwa kukata nusu. Na mtu akipata nafuu asiache ghafla. Mwongozo unasema dawa iendelee miezi 9 mpaka 12 baada ya kupona, halafu ipunguzwe polepole na mganga. Fluoksetini ina fadhila moja kwa watu wenye koo la kigeugeu: inakaa mwilini siku nyingi, kwa hiyo siku moja ikikosekana mtu haanguki. Usimeze mbili kesho yake kufidia. Endelea na moja.

Wengi wanasema, "Mwalimu, nikifika pale mbele ya nesi maneno yanapotea." Basi haya hapa. Kata kipande hiki, jaza kwa kalamu au mpe mtoto akujazie, mpe nesi au mfamasia dirishani bila hata kufungua mdomo:

*Ninashindwa kumeza vidonge. Dawa yangu inaitwa ……………. Nimeshindwa tangu ……………. Kwa wiki moja nilimeza kweli mara ……… na nilitema mara ………. Chakula kinapita / hakipiti. Maji yanapita / hayapiti. Nina mimba / sina. Ninanyonyesha / sinyonyeshi. Dawa nyingine ninazotumia ni ……………. Naomba kujua: dawa hii inaweza kufunguliwa au kusagwa? Kuna ya maji? Kuna nyingine inayonifaa? Naweza kuanza na mazungumzo?*